Kushindana kwa maboya kwenye mtelezo wa maji: maswali tunayoulizwa kila safari

Kila nikitangaza safari ya familia kutoka hapa Bagamoyo kwenda kwenye michezo ya maji upande wa Dar, simu yangu haipumui. Wengi hawaniulizi bwawa la watoto. Wanauliza ule mtelezo mrefu wenye njia mbili, watu wanashuka wawiliwawili juu ya boya huku wakishindana na wenzao wa njia ya pili. Maswali ni yaleyale tangu Idd hadi Krismasi, kwa hiyo nimeyaweka hapa na majibu yake, kama ninavyoyajibu kwenye simu.

Asiye na muda wa kusoma yote asome moja tu, lile la kimo.

Huo mtelezo ni kitu gani hasa?

Ni mfereji wa faibaglasi, malighafi ileile ya maboti ya kisasa, unaoanzia juu ya mnara na kushuka kwa kona hadi kwenye bwawa dogo la kutua. Tofauti yake na mitelezo ya kawaida ni kwamba iko miwili, imelazwa sambamba. Mnakaa wawili kwenye boya la mpira lenye mashimo mawili na vishikio, mmoja mbele, mwingine nyuma. Pembeni yenu kuna wawili wengine. Mnaachiwa kwa pamoja. Sehemu fulani ukuta wa katikati ni mfupi, mnawaona wapinzani wenu na kuwatolea maneno. Sehemu nyingine mnaingia kwenye bomba lililofunikwa, giza, mnasikia kelele zao tu. Mkitoka kwenye mwanga ndipo mnajua nani yuko mbele.

Na tuelewane mapema: tukisema "boya" hatumtukani mtu. Kijana mmoja wa Magomeni aliwahi kuitwa na msimamizi, "Wewe boya lako lile pale," akataka kugombana.

Umeanzia wapi mchezo huu?

Uwanja mzima wa mitelezo ya maji kwa ajili ya familia ni wazo la George Millay wa Marekani, aliyefungua Wet 'n Wild kule Orlando, Florida, mwaka 1977. Ya mashindano ya maboya ni ya juzijuzi. Humohumo Orlando, uwanja wa Aquatica ulifungua wa kwake, Riptide Race, mwaka 2021, nao ni kazi ya kampuni ya ProSlide ya Kanada. Watoto wakikuonyesha video za mtelezo wa rangi kali watu wakishuka wawiliwawili, mara nyingi ndio huo au ndugu zake.

Mtoto wangu ana miaka saba. Ataruhusiwa?

Umri hauulizwi. Kinachoulizwa ni kimo. Mlangoni na juu ya mnara kuna nguzo yenye mstari. Kichwa kikiufikia mstari anapanda, kisipoufikia hapandi. Mistari ya kawaida kwenye mitelezo ya maboya ni sentimita 107 kwa anayepanda na mtu mzima, na sentimita 122 kwenye ile mikali zaidi au kwa mtoto anayetaka kukaa bila mkubwa. Mstari wa uwanja tunaokwenda huwa nauandika kwenye tangazo la safari, juu kabisa, kabla ya nauli.

Pima nyumbani. Naomba sana. Avue viatu. Nywele zikiwa zimefungwa fundo juu, zifumue. Asimame kwenye fremu ya mlango, visigino vikigusa mbao, macho yakitazama mbele na siyo juu kwa mama. Chukua kitu kigumu chenye pembe iliyonyooka, jalada la daftari kubwa linatosha, ulilaze juu ya kichwa mpaka liguse mbao, kisha piga alama ya kalamu chini yake. Mtoto akishaondoka ndiyo unapima kutoka sakafuni hadi kwenye alama. Futi ya fundi cherehani ina sentimita 150, inafika bila shida. Asubuhi mtu huwa mrefu kidogo kuliko jioni, kwa hiyo kipimo cha kuamini ni cha jioni.

Nasisitiza kwa sababu nilikosea mimi mwenyewe. Mpwa wangu nilimpima haraka, akiwa na viatu vyake vya shule, nikaridhika. Siku ya safari tukapanda mnara wote, yeye mbele, amebeba kamba ya boya kana kwamba anamwongoza ng'ombe. Juu akawekwa kwenye nguzo. Ile fimbo ya kupimia ikapita hewani juu ya nywele zake bila kugusa. Akasimama kwa vidole. Msimamizi, kijana mpole, akamwekea mkono begani, vidole vikashuka. Ilibidi turudi kwa ngazi zilezile, watu wanapanda, sisi tunashuka, kila familia inatupisha na kututazama. Mtoto alishuka akihesabu ngazi kwa sauti ili asilie. Alifika arobaini na mbili.

Msimamizi hakukosea. Aliyekosea alikuwa amevaa baibui jeusi na kubeba ndala za watu wanne, na ndiye anayekuandikia.

Lakini mtoto wangu ana nguvu kuliko wa kimo hicho. Kwa nini kimo?

Kwa sababu vishikio vya boya viko umbali uleule kwa wote. Mwenye mikono mifupi anavifikia kwa kujinyoosha, na kona ya kwanza tu inamng'oa. Mfupi pia huzama kwenye shimo la boya, makalio yakakwaruza chini, kichwa kikabaki usawa wa mpira. Na bwawa la kutua lina kina ambacho mtu wa kimo kile anasimama uso ukiwa nje. Hayo yote matatu hayatatuliwi na nguvu.

Usimbebe mtoto mapajani. Utaona wazazi wanajaribu, wasimamizi wanakataa, kisha kunatokea maneno. Mwache akacheze kwenye mitelezo mifupi. Wengi wakifika huko wanasahau mnara kabla mama zao hawajasahau.

Anashinda mzito au mwepesi?

Hili ndilo swali la wanaume. Kwenye Coaster hubishaniwa kuanzia Kiromo mpaka Bunju.

Darasani tulifundishwa kwamba vitu vyote huanguka sawa, kizito na chepesi. Ni kweli pasipokuwa na cha kuvizuia. Kwenye mtelezo vizuizi vipo viwili: hewa inayokupiga kifuani, na maji pamoja na faibaglasi chini ya boya. Hewa haiongezeki maradufu kwa sababu tu umekula ugali miaka mingi. Mwili mkubwa unaongeza uzito kuliko unavyoongeza upana wa kukutana na upepo. Kwa hiyo boya la wazito halipotezi kasi kama la wepesi, linatangulia kidogo, na kwenye mtelezo mrefu hilo "kidogo" linageuka urefu wa boya zima. Maji yanapokuwa mengi chini, wazito huwa na faida. Sehemu ya tambarare yenye maji haba, boya la wazito likikandamiza na kugusa chini, faida inaweza kupotea hapohapo.

Nimewaona mabinti wawili wembamba wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, wakiwaacha wavuvi wawili wenye mabega kama milango. Wavuvi walisema njia yao ilikuwa mbovu. Wakabadilishana njia, wakaachwa tena. Siri ya wale mabinti ilikuwa mkao, na wacheza ngoma mkao wanaujua.

Huo mkao ni upi?

Lala nyuma, kidevu kifuani, mikono kwenye vishikio muda wote. Wa nyuma asikae wima kama tanga, maana ndiye anayekamata upepo. Makalio yasining'inie chini ya shimo: yainue kidogo, kaza tumbo, hasa boya linapopita kwenye maungio ya mfereji. Visigino vikae juu ya boya, au vya wa nyuma vikae juu ya mapaja ya wa mbele kama boya ni la namna hiyo. Kisigino kimoja kikiburuzwa majini ni breki.

Kusukuma ukuta kwa mkono, kuyumba makusudi, kujizungusha, hapana. Mkono ukitoka nje ya boya kwenye kona, ukuta hauna huruma na kiwiko.

Nani akae mbele na nani nyuma, msikilizeni msimamizi. Yeye anaangalia uzito wenu na umbo la boya la pale. Msibishane naye kwa kutumia niliyoandika hapa.

Je, kuna njia yenye bahati?

Kila mtu ana yake. Ukitazama kona moja tu, njia ya ndani ni fupi kuliko ya nje, na hapo ndipo uvumi unapozaliwa. Lakini waliochora mtelezo wa mashindano wanalijua hilo: kona ya kushoto hufuatiwa na ya kulia, aliyekuwa ndani anakuwa nje, urefu unalingana. Kinachoamua zaidi ni jinsi mlivyoachiwa, mlivyokaa, na kama mlipiga kelele mkasahau kulala.

Kasi yake ni ya kutisha?

Chukua mnara wa meta 12, kama nyumba ya ghorofa nne hivi. Kitu kikidondoka kutoka hapo bila kuzuiwa na chochote hufika chini kwa kasi ya kilometa 55 kwa saa, zaidi kidogo ya kibao cha 50 wanachosimamia askari wa usalama barabarani. Boya halifiki huko, kwa sababu maji, kona na hewa vinakula sehemu kubwa ya ile kasi njiani. Ila umelala sentimita chache kutoka kwenye maji, miguu mbele, ukuta unapita karibu na sikio. Ukiwa chini namna hiyo, hata kasi ya baiskeli unaiona kubwa. Wanaoogopa bomba la giza, fumbeni macho kabla ya kuingia. Mwanga ukirudi hautawashtua.

Kwa nini tunapimwa uzito? Mbona kama sokoni?

Mizani hukuta hasira nyingi, hasa za kina mama. Haitangazwi kwa sauti, msiwe na shaka. Uzito wa wawili ukizidi uliopangiwa boya, boya hupanda juu mno ukutani kwenye kona au hufika bwawani likiwa na kasi ambayo bwawa halikujengewa. Ukipungua mno, linakwama njiani na aliyeko nyuma anakuja.

Kansas City, Marekani, kulikuwa na mtelezo wa maboya wa meta 51, uliofunguliwa mwaka 2014 ukiwa mrefu kuliko yote duniani. Ule ulishuka, kisha ukapandisha kilima, na maboya yakawa yanaruka hewani. Mtoto alifariki mwaka 2016, ukafungwa, na mwaka 2018 ukabomolewa. Mitelezo yetu ya mashindano haina kilima cha namna ile, ni mteremko na kona tu. Ila mtu anayekuambia upande kwenye mizani ana sababu, mpandie bila kununa.

Watoto wetu wamekulia baharini. Maji ya bwawa yatawashinda nini?

Wamekulia baharini kweli, na ndiyo maana nina wasiwasi nao. Maji ya chumvi ni mazito: lita elfu moja za bahari zina uzito wa kilo 1,025 hivi, za bwawa kilo 1,000. Bahari inakubeba zaidi. Mtoto aliyezoea kulala chali maji yakijaa pale ufukweni akijaribu hivyohivyo bwawani anajikuta miguu inazama, anashtuka, anakunywa maji. Kabla ya kwenda mnarani, kila mtoto wetu anakaa dakika kumi kwenye bwawa dogo ajifunze upya mwili wake.

Jambo la pili: baharini kwetu maji yanakupwa, unatembea tu. Bwawa la kutua halikupwi, na maji yake yanachemka kwa povu kila boya linapofika. Aliyevaa jaketi la kuokolea asivue ati kwa sababu babu yake ni nahodha.

Boya likipinduka?

Mara nyingi mtu hapinduki, anachomoka. Ukichomoka njiani usisimame, usijaribu kulikimbilia boya, usingoje mwenzako. Lala chali, miguu imetangulia, mikono imekunjwa kifuani, maji yatakushusha. Ukifika bwawani tokea pembeni haraka, usikate mbele ya mdomo wa mtelezo. Ajali ndogo nyingi nilizoziona hazikutokea mtelezoni kabisa. Zilitokea chini, watu wamesimama pale mdomoni wanafuta macho na kubishana nani kashinda, boya linalofuata linawachukua miguu.

Ndiyo maana msimamizi wa juu haachii boya mpaka apate ishara ya mwenzake wa chini, kwa taa au kwa mkono. Mkiona anachelewa, jua kuna mtu wenu chini anabishana.

Tuvae nini? Na sisi wanawake wa stara?

Nguo inayobana kiasi na isiyo na chuma. Vazi la kuogelea la stara, lile la suruali na gauni fupi lenye kofia yake, linakubalika viwanja vingi ilimradi kitambaa ni cha kuogelea. Legingi nyeusi na fulana ya mikono mirefu ya kubana nayo huenda. Visivyokubalika ni khanga, kitenge, baibui na kikoi. Nguo iliyofungwa kwa fundo hufunguka kwenye kona ya pili. Kama haijafunguka inalowa, inavuta maji, inaingia chini ya boya na kukukaba. Khanga iache kwa mwenzenu anayebaki chini, ukitoka bwawani unakabidhiwa papohapo. Mimi husimama hapo na khanga sita begani kama mchuuzi.

Jinzi hapana. Vile vifungo vya shaba vya mifukoni vinachora faibaglasi, na mchoro mmoja unakwaruza mapaja ya mamia ya watu watakaofuata. Vivyo hivyo suruali yenye zipu nyuma.

Hereni, pini za mtandio, shanga?

Vua vyote. Pini ya mtandio ndiyo mbaya kuliko vyote kwa sababu inaweza kutoboa boya na shingo pia. Vaa kofia ya kuogelea. Hereni za duara, vikuku, cheni, viende kwenye mkoba. Shanga za kiunoni, naona aibu kuandika lakini nimeulizwa zaidi ya mara moja na mabibi harusi wapya: zikikatika, zitatawanyika kwenye maji na kwenda kuziba vichujio, na kila mtu atajua ni za nani kwa jinsi utakavyokuwa unaokota. Acha nyumbani.

Nywele ndefu za kusuka zifunge kwa nyuma. Hina na piko hazidhuriki kwa safari moja.

Nani asipande kabisa?

Mjamzito, hata wa mwezi wa pili. Mwenye matatizo ya moyo, presha isiyotulia, mgongo au shingo. Mwenye kifafa. Aliyefanyiwa upasuaji karibuni, au aliyefungwa plasta ngumu. Aliyekunywa pombe. Hawa hatujadiliani.

Na anayeharisha. Huyu asiingie hata bwawa la magotini. Kuna vijidudu vya kuhara viitwavyo kriptosporidiamu ambavyo huweza kuishi kwa siku kadhaa kwenye maji yenye klorini ya kutosha. Mtoto mmoja anayeharisha anaweza kuwagawia watoto wa Coaster nzima. Nitamrudishia mzazi nauli ya mtoto huyo bila maswali, bora asije.

Maji ni masafi? Tukifika tunasikia harufu kali ya dawa.

Maji ya mtelezo hayatoki bombani na kwenda zake. Pampu huyavuta kutoka bwawa la kutua, yanapita kwenye vichujio, yanatiwa klorini, yanapandishwa tena juu ya mnara. Pampu ikizimwa mtelezo unakauka ndani ya muda mfupi na hakuna boya linaloteleza. Klorini inayotakiwa mabwawani kwa kawaida ni miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, kati ya 7.2 na 7.8. Uwanja unaojiheshimu hupima mara kadhaa kwa siku, na wengine huandika kwenye ubao. Ukiuona ubao, usome.

Ile harufu kali inayochoma macho watu hudhani ni ya dawa nyingi. Sivyo. Klorini ikikutana na jasho, mafuta ya mwilini na mkojo hubadilika kuwa kitu kingine, na hicho ndicho kinachonuka na kuwasha macho. Kwa maneno mengine, bwawa linalonuka sana limekojolewa. Ogeni bafuni kabla ya kuingia, kwa sabuni, na wapelekeni watoto chooni kila saa hata wakisema hawana haja. Mtoto aliye majini hana haja kamwe.

Mvua ikinyesha safari inaahirishwa?

Mvua yenyewe haina neno, umeshalowa. Radi ndiyo inayofunga mnara, maana mnara ni mrefu na umezungukwa na maji. Ngurumo ikisikika wote wanashushwa, na ngazi hazifunguliwi mpaka zipite dakika 30 bila ngurumo nyingine. Ikinguruma tena, mnaanza kuhesabu upya. Kwa sababu hiyo mwezi wa nne na wa tano, masika ikiwa imekolea, sipangi safari.

Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, jua ni kali na ngazi za mnara zinachoma nyayo. Wengi hupanda wakirukaruka kama wako kwenye makaa. Kusi ikivuma, Juni hadi Septemba, maji ni ya baridi na mtoto aliyelowa akisimama foleni juu kwenye upepo anatetemeka mpaka midomo inapauka. Ukiniuliza mimi nitakuambia Septemba mwishoni, katikati ya wiki. Siku ya Idd mosi usithubutu: foleni ya ngazi ni ndefu kuliko foleni ya kivuko.

Chakula tubebe?

Viwanja vingi haviruhusu chakula cha nje kupita getini. Tunakula ndani ya gari kabla ya kuingia: chapati, mayai, samaki wa kukaanga aliyenunuliwa jana sokoni. Kula kwa kiasi. Pilau na kona havipatani, na anayekaa mbele kwenye boya ndiye huumia mwenzake wa nyuma akizidiwa. Maji ya kunywa beba mengi, mtu akiwa majini hajui kama anatoka jasho.

Tunaondoka saa ngapi na tunapita wapi?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, stendi ya Bagamoyo. Walioko Kiromo, Zinga, Kerege na Mapinga wanasubiri barabarani, nami hupiga simu dakika kumi kabla. Anayechelewa apande daladala za Makumbusho, atatukuta. Tunataka kuwa getini linapofunguliwa, kwa sababu saa ya kwanza foleni ya mnarani haipo na mtoto anaweza kushuka mara tano kabla wenyeji wa Dar hawajaamka. Mkifika alasiri mtashuka mara moja, na hiyo moja mtaisimulia hadi Krismasi kana kwamba zilikuwa kumi.

Tuko watatu. Nani atabaki?

Boya ni la wawili. Mnashuka wawili, mmoja anarudi kupanda na yule aliyebaki. Anayepanda mara mbili mfululizo awe kijana. Au njooni kwangu asubuhi, kwenye Coaster hakosekani mwingine aliye peke yake. Ndoa moja hapa mjini ilianzia juu ya mnara ule, wenyewe wamekataa niwataje.

Bibi anaweza kupanda?

Akiwa hana maradhi niliyoyataja na magoti yanamruhusu ngazi, anaweza. Tulikuwa na bibi wa Kaole aliyekuja kulinda mikoba tu. Alikaa kivulini tangu asubuhi akitazama watu wakitua na kucheka. Saa tisa akasimama, akanikabidhi miwani na mkufu, akasema, "Hebu nami nikaone hicho mnachopigia kelele." Alikwenda kuazima vazi kwa binti yake, akapanda taratibu, akipumzika kila kituo cha ngazi. Alishuka na mjukuu wake wa kiume bila kutoa sauti hata moja, mikono kwenye vishikio, kidevu kifuani, kama mtu anayesikiliza hotuba. Wakashinda. Alipotoka majini wajukuu wakamshikamoo upya wote, naye akawauliza kama chai bado ipo kwenye chupa.

Naweza kuingia na simu nirekodi?

Hapana, hata ile ya kuvaa shingoni kwenye mfuko wa plastiki. Ikikuponyoka inampiga anayefuata. Wa chini atarekodi, nafasi nzuri ni kwenye ukingo wa bwawa la kutua upande wa kutokea. Watoto wa wengine wasiwekwe mitandaoni bila ruhusa ya wazazi wao.

Mtoto akikataliwa kwa kimo, pesa inarudi?

Tiketi ya getini ni ya uwanja mzima, siyo ya mtelezo mmoja, kwa hiyo hairudi. Nami nauli sirudishi, kwa kuwa kiti kilikaliwa. Ninachofanya siku hizi, nikipokea jina la mtoto naomba na kipimo chake, kilichochukuliwa bila viatu, jioni. Baadhi ya wazazi wamenitumia picha ya fremu ya mlango yenye alama. Wengine wanatuma "anafika tu," na hao nawapigia.

Tumesahau vitu kwenye gari. Tuvipate wapi?

Kwangu, Majengo. Vilivyopo hadi sasa ni khanga mbili, chupa ya chai isiyo na kifuniko, kofia ya kuogelea ya kitoto, na ndala moja ya bluu ya mguu wa kushoto iliyokaa hapa tangu Idd. Mwenyewe ajitokeze, au aniletee ya kulia.